Ukoga wa Ziwani: Suala la Istilahi

Katika ziwa lenye kina kifupi, kama vile Naivasha, jiwe, gogo au shina la mafunjo lililozama halikawii kuvaa utando wenye utelezi. Kwanza hushika bakteria, ambao hutoa ute. Kisha huja diatomu, vijimea vya seli moja vyenye ganda la silika. Hatimaye huota mwani wa nyuzinyuzi. Jamii hiyo yote wanasayansi huiita perifitoni. Konokono na samaki huila. Lakini mbolea ya mashambani ikitiririka ziwani, utando huo hunenepa, ukainyima mwanga mimea iliyouvaa.

Je, Kiswahili kiipe jamii hiyo jina gani? “Mwani” pwani ni mmea wa baharini uonekanao kwa macho. “Utando” huwa wa buibui, hata wa uji. Lipo neno “ukoga”, litumikalo kwa uchafu ugandao menoni. Ukoga huo nao, ukitazamwa kwa hadubini, ni jamii ya bakteria walioshikamana kwa ute. Kasoro ya neno ni kudokeza uchafu, ilhali ziwani ni chakula. Hata hivyo, mwanafunzi aujuaye ukoga wa kinywani atauelewa wa ziwani upesi kuliko neno la kutoholewa.