Maji ya Mtoto Ayanywe Mama

Joto la Januari likishaingia Dar es Salaam, kliniki za watoto huulizwa swali lilelile: mtoto wa miezi miwili si atakuwa na kiu? Kiu anaweza kuwa nayo, na dawa yake ni ziwa. Maji hayahitaji kabla ya kutimiza miezi sita, hata kijiko kimoja, hata yawe yamechemshwa na bibi mwenyewe.

Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87. Miongo kadhaa iliyopita watafiti walipima mikojo ya watoto walionyonya tu, bila kupewa kingine, katika maeneo ya joto kali ya Jamaika, Peru na India. Hawakuwa wamepungukiwa maji. Lakini hadi leo kichupa cha maji ya uvuguvugu hakikosekani kwenye mkoba wa mtoto.

Madhara yake huanza kimyakimya. Mtoto akinyweshwa vijiko kadhaa, tumbo linajaa, analala, ziwa halinyonywi. Ziwa lisiponyonywa hutengeneza maziwa machache zaidi. Siku chache baadaye mtoto analia njaa, matiti yamelegea, na baraza la nyumbani linatoa hukumu: mama hana maziwa! Unakorogwa uji mwepesi, mtoto ananyonya kidogo zaidi, maziwa yanazidi kukauka. Upungufu ambao kila mtu anauona sasa umeletwa na kile kijiko cha kwanza, ila hakuna anayekishtaki.

Maji machafu huleta kuhara. Hilo kila mtu analijua, ndiyo maana utetezi huwa “yamechemshwa”. Lakini hata maji safi yakizidi, figo changa za mtoto haziyamudu. Chumvi katika damu hushuka na anaweza kupata degedege, kisha badala ya kukimbizwa hospitali akapelekwa kuzinguliwa. Dawa za chango nazo ziingie kapu hilohilo: kulia jioni kwa mtoto wa wiki sita ni kawaida, na hakuna mzizi unaokuondoa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita hunyonya maziwa ya mama pekee. Si haba. Waliobaki si wote wameangushwa na bibi: likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, na miezi sita ni zaidi ya mara mbili ya hizo.

Kwa mama anayerudi kazini, basi, haraka haraka: sheria inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, azidai. Akamue maziwa kwa mikono safi. Kwenye friji hukaa hadi siku nne, nje ya friji saa nne, na kwenye joto kali pungufu ya hapo. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Usiku anyonye kila atakapo. Dawa na chumvichumvi za kuhara alizoandikiwa na mtaalamu hazikatazwi.

Na anayetilia shaka maziwa yake asibinye matiti, ahesabu nepi. Kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, pamoja na uzito unaopanda kwenye kadi ya kliniki, zinaonyesha kuwa yanatosha. Uzito usipopanda, mtoto apelekwe kliniki bila kusubiri tarehe ya kadi.