Kupandisha kwenye riva: nani atanilipa?



Kuna jioni nilipoteza pesa ya minervali ya mtoto nikiwa na karata nzuri. Mutaniuliza: nzuri namna gani, na umepoteza? Njo hiyo ninataka kueleza leo, juu najua wengi wetu tunacheza poka Jumamosi.

Nilikuwa kwenye blindi ndogo, ile nafasi ya kushoto kwa mwenye kugawa. Meza ikiwa na watu zaidi ya wawili, kuanzia flopi mpaka riva, ile karata ya tano na ya mwisho, wewe njo unasema wa kwanza. Ili upandishe, lazima kwanza ugonge meza, umuachie mwenzako aweke pesa, kisha upandishe juu yake. Yeye akigonga pia, bon, umekosa kila kitu.

Mezani kulikuwa: mfalme wa piki, 9 ya piki, 4 ya karo, 7 ya karo, na riva 2 ya piki. Mimi niko na mfalme na 9, pea mbili. Katikati ya meza kuna 10 000 FC. Nikagonga, mwenzangu akaweka 5 000, nikapandisha mpaka 20 000. Akalipa haraka: asi na 6 ya piki. Kwisha.

Kosa langu lilikuwa wapi? Mwenye mfalme peke angetupa karata. Mwenye piki angelipa tu. Kumbe nilifukuza wale niliowashinda, nikabakiza wale walionishinda! Pea mbili zilikuwa za kulipa 5 000, basi.

Kwa hiyo kwenye riva tunapandisha na aina mbili tu: karata kali kabisa, ao uongo mtupu. Za katikati zinalipa ao zinatupwa.

Uongo kiasi gani? Pale mwenzangu alipaswa kuongeza 15 000 ili apate 35 000. Tuseme napandisha mara 10: 7 kweli, 3 uongo. Akilipa zote, anapoteza 7 × 15 000, ni 105 000. Anapata 3 × 35 000, ni 105 000 vilevile. Hapati faida kulipa wala kutupa. Nikidanganya zaidi ya hapo, atanilipa kila mara na kunila.

Na uongo unachaguliwa. Ukiwa na asi ya piki bila piki nyingine, wewe hauna kitu, lakini yeye hawezi kuwa na piki kubwa kuliko zote. Hiyo asi njo ya kudanganya nayo.

Hesabu hii niliijua kisha pesa kuenda. Kesho yake nilimwambia bibi yangu ukweli, na tukalipa minervali kwa deni. Siku hizi tunacheza na mbegu za maharagwe. Hesabu ni ileile.