Je, Geji ya Joto Inadanganya?

Nje kidogo ya mji wa Machakos, kwenye mlima Kituluni, kuna kipande cha barabara kiitwacho Kyamwilu. Mgeni akifika huambiwa amwage maji, naye huyaona kwa macho yake yakipanda mlima. Gari likiwekwa nyutro, nalo hupanda. Kumbe barabara yenyewe inateremka, ila miinuko iliyoizunguka imelificha teremko, na jicho limekosa cha kulinganishia.

Huikumbuka Kyamwilu kila nikimsikia mwenye gari la zamani akilalamika kuwa geji yake ya joto inamdanganya. Magari hayo bado tunayo Ukambani, hasa Peugeot 404 na 504, ambazo jina lake lilikuzwa na Safari Rally: 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966, 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Wenyewe huyatunza kama urithi wa shamba. Hata hivyo injini nyingi zimekufa kwa maneno ya gereji kuhusu mshale mmoja mdogo.

"Mshale unaonyesha joto la injini."
Uongo, na makosa mengine yote huanzia hapa. Katika geji nyingi za umeme, mshale hufuata kiasi cha umeme kinachopita kwenye sensa, kile kidude cha shaba kilichofungwa kwenye hedi au karibu na thamostati. Sensa ikiwa baridi huuzuia umeme. Ikipata joto huuachia upite. Joto inalolijua ni la kile kinachoigusa ncha yake, basi. Waya ukichomoka, mshale unalala kwenye baridi. Waya ukichunika na kugusa chuma, mshale unaruka hadi kwenye nyekundu, hata kama ndiyo kwanza umetoa gari nyumbani.

"Geji imekufa, nunua nyingine."
Mara nyingi uongo. Fungua swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa sensa, uuguse kwenye chuma kisafi cha injini kwa sekunde mbili tatu. Usizidishe hapo, utaunguza geji. Mshale ukipanda hadi mwisho, geji na waya ni vizima. Wa kushtakiwa ni sensa. Usiposogea, fuata waya na fiuzi kabla ya kung'oa dashibodi.

Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha sensa na mshale ukabaki chini vilevile. Nilihangaika siku mbili. Mwishowe nikaifungua na kukuta imezungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, mikunjo mitano au sita, ili isivuje. Sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia meno yake ya skrubu, na tepu ile ilikuwa imeikatia. Niliibandua, nikaifunga tena na washa yake ya shaba, mshale ukaamka.

Jambo jingine: sensa mbili zinaweza kuingia tundu moja bila kupitisha umeme sawasawa. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta, nenda na ile ya zamani mkononi, mlinganishe namba na muuzaji.

"Maji huchemka kwa nyuzi 100."
Kweli Mombasa, uongo Machakos. Mji wetu uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, na hapa maji huchemka kwa yapata nyuzi 95. Jambo hili lina maana kubwa kwa mwenye gari, kwa njia mbili.

Ya kwanza iko jikoni. Kipimo kizuri cha geji ni kuifungua sensa, kuiunganisha kwa waya mrefu, ethi yake pia, na kuichovya ncha kwenye sufuria ya maji yanayopata moto, kipimajoto kikiwa pembeni. Ukiitoa kwenye injini, huenda ukaikuta imevaa ukoko mweupe, hasa kama umekuwa ukijaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi. Ukoko huo huchelewesha joto kuifikia; usugue kwanza. Kisha tia alama ndogo kwenye kioo cha geji pale mshale unapofika maji yakitokota, na ujue umeandika 95. Ukiisoma alama hiyo kama 100, geji nzima itakuwa imekupotosha kwa mkono wako mwenyewe.

Njia ya pili iko kwenye mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa pauni 9, kwa mfano, huyabana maji yasichemke hadi karibu nyuzi 110. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, maji yanachemka kwa 95. Ndipo unapomwona mtu amesimama kando ya barabara, mvuke unafuka, mshale haujafika nyekundu, naye anailaani geji. Geji imesema kweli: maji ni nyuzi 95. Mfuniko ndio umeshindwa kazi.

"Mshale wa joto na wa mafuta ikipanda pamoja, tatizo si injini."
Kweli. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970 yana kidude nyuma ya dashibodi kinachozilisha geji zote mbili wastani wa volti 10. Kikiharibika au kikikosa ethi, zote mbili huzidisha. Ukiona tangi limejaa ghafla na injini imechemka siku hiyohiyo, anzia hapo.

"Toa thamostati, hii ni Afrika."
Fundi mmoja kijana aliniambia hivyo: "Mzee, hiyo ni ya baridi ya Ulaya." Uongo. Thamostati hufunguka kwa nyuzi 80 na kitu ili injini ifanye kazi kwenye joto lake. Ukiitoa, mshale hauinuki asubuhi ya Julai, petroli inaliwa zaidi, oili inachafuka mapema, na utaishia kununua geji isiyo na kosa. Kama una shaka nayo, itie kwenye sufuria ileile: ikifunguka kabla maji hayajatokota, irudishe.

"Mshale ukishuka ghafla mlimani, injini imepoa."
Huu ndio uongo ninaouogopa kuliko wote. Unapanda kutoka Makutano ya Kyumvi, mshale ulikuwa juu, mara unaanguka, nawe unashukuru. Lakini hosi imepasuka, maji yamepungua chini ya ncha ya sensa, na sasa sensa imesimama katika hewa. Hedi ya aluminiamu ya 504 inapinda wakati mshale umelala. Sukuma hita: ikipuliza baridi, maji yamekwisha. Simama, zima injini papo hapo, fungua boneti, wala usiuguse mfuniko wa rejeta kwa nusu saa nzima.