Mvua Ilinyesha, Tangi Likabaki Kavu

Leo tunataka kuwasimulia habari ya aibu yetu wenyewe, kwa sababu ndani ya aibu hiyo tulipata somo ambalo hatupendi lipotee.

Katika zahanati ambako baadhi yetu tunafanya kazi ya uuguzi, mama akija kujifungua huja na ndugu, na ndugu huja na ndoo ya maji kichwani. Mwaka 2022 kikundi chetu cha wanawake kanisani kiliamua kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua kando ya chumba cha kuzalishia. Tulichanga. Mwenye fedha alitoa fedha, asiye nazo alileta kuku au mayai, tukavinadi baada ya ibada. Sisi wanne, wauguzi watatu na mweka hazina wa kikundi, tukakabidhiwa kazi.

Tulianza kwa furaha. Tulinunua mifuko 40 ya saruji kwa mara moja, tukiogopa bei kupanda. Mchanga na kokoto vikachelewa, saruji ikalala stoo juu ya sakafu, na mifuko 11 ikashika unyevu ikawa mawe. Fundi akadai nyongeza, tukampa bila kuandikiana. Hata hivyo, mwisho wa Februari 2023 tangi lilisimama, tukalipaka chokaa, tukapiga vigelegele.

Masika yakaanza. Maji yakamiminika kutoka kwenye bati, yakaanguka chini na kwenda zake bondeni. Tangi lilikuwa kavu. Hatukuwa na gata za kukinga maji! Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuziweka katika bajeti, na mfuko ulikuwa mtupu.

Jumapili moja bibi mmoja wa kikundi alitushika mkono nje ya kanisa, akauliza kwa upole: "Wanangu, zile fedha za mayai yangu zimefika wapi?" Tuliinamisha vichwa. Hatukuwa wezi, lakini hatukuwa na jibu.

Kumbe ni taaluma

Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi katika shirika la misaada alitusikiliza, kisha akasema: "Ninyi mna moyo, ila hamkufundishwa. Kusimamia mradi ni kazi ya kujifunza, kama uuguzi." Maneno hayo yalituingia. Je, tungemruhusu mtu mwenye moyo mwema tu azalishe bila kufundishwa? Basi kwa nini tulishika fedha za wajane bila kujifunza?

Tukaanza kukutana kila Alhamisi jioni nyumbani kwa mmoja wetu, kwa saa mbili, tukisoma masomo ya intaneti kwenye simu. Haya ndiyo yaliyotusaidia zaidi.

1. Kuandika mradi katika ukurasa mmoja. Tunataka nini, kwa ajili ya nani, kwa fedha kiasi gani, ifikapo lini, na nani ana mamlaka ya kuidhinisha mabadiliko? Kama tungekuwa na karatasi hiyo, fundi asingepata nyongeza kwa maneno matupu.

2. Kuvunjavunja kazi. Lengo letu halikuwa tangi. Lengo lilikuwa maji ndani ya chumba cha kuzalishia. Ukiliandika lengo hilo juu ya karatasi, kisha ukajiuliza "ili hili litokee kunahitajika nini?", utashuka ngazi kwa ngazi: tangi, bomba, koki, na gata. Tulipofanya zoezi hili, gata zilijitokeza katika dakika ya kumi. Dakika kumi tu!

3. Kujua ni kazi ipi inayoshika muda wote. Njia hii ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kampuni ya DuPont huko Marekani. Chukua tangi letu: kuleta mchanga na kokoto siku 2, msingi siku 3, kuta siku 5, lipu siku 2, kumwagilia maji ili saruji ikomae siku 7. Kila moja inasubiri iliyotangulia, hivyo jumla ni siku 19, na ukichelewa siku moja hapo mradi wote umechelewa siku moja. Lakini gata hazisubiri kuta. Kuzinunua siku 3, kuzifunga siku 2, jumla siku 5. Zilikuwa na nafasi ya siku 14. Hatukuwa na kisingizio.

4. Kuandika mapema yanayoweza kuharibika. Mvua, bei, fundi kuugua, saruji kushika unyevu. Kwa kila moja andika utakachofanya na jina la atakayeshughulika. Saruji yetu ingeokolewa na mbao chache za kuinyanyua kutoka sakafuni, au kwa kuinunua kidogo kidogo.

5. Kupima njiani. Hapa sisi wauguzi tulicheka, kwa sababu tulilijua jambo hili. Katika chati ya uchungu tuliyofundishwa chuoni, kuna mstari wa tahadhari, na saa 4 mbele yake kuna mstari wa kuchukua hatua. Muuguzi hangoji mama azidiwe ndipo aangalie chati. Mradi nao una mistari yake. Tangu hapo kila Ijumaa tunalinganisha kazi iliyofanyika, siku zilizopita na fedha zilizotumika, na habari mbaya tunaisema siku hiyohiyo.

Habari ya vyeti

Baada ya miezi michache wawili kati yetu walitaka kufanya mtihani wa cheti. Tuliuliza na kusoma, na hili ndilo tulilolikuta.

Chama kikubwa katika taaluma hii ni Project Management Institute, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969. Cheti chake kinachojulikana zaidi, PMP, kilianza mwaka 1984, nacho ni cha watu ambao tayari wameongoza miradi. Mwenye elimu ya sekondari hutakiwa kuwa na uzoefu wa miezi 60, na mwenye shahada ya miaka minne miezi 36, pamoja na saa 35 za mafunzo. Kwa anayeanza kipo cheti cha CAPM, ambacho hakidai uzoefu. Ukiwa umemaliza sekondari na una saa 23 za mafunzo, unaruhusiwa. Kwa wanaofanya kazi za maendeleo na misaada kuna pia Project DPro ya taasisi ya PM4NGOs, na kitabu chake cha mwongozo hutolewa bure. Hata usipofanya mtihani, kitabu hicho kitakufaa kanisani na katika kikundi.

Wenzetu walichagua CAPM. Tukapiga hesabu: saa 2 kwa juma kwa majuma 12 ni saa 24, yaani zinatosha. Mtihani wenyewe una maswali 150 kwa saa 3, maana yake sekunde 72 kwa kila swali. Hautolewi kwa Kiswahili, na hilo si jambo dogo. Unaweza kuufanyia katika kituo cha mitihani au nyumbani mbele ya kamera, lakini nyumbani hairuhusiwi mtu yeyote kuingia chumbani. Mama mwenye watoto wadogo na apime mwenyewe! Wenzetu walipanda basi wakaenda kituoni.

Mmoja alifaulu. Mwingine, mweka hazina wetu, alishindwa. Tunalisema hili kwa ruhusa yake, kwa kuwa magazeti hupenda kuandika habari za waliofaulu tu. Ada hulipwa kwa dola, na yeye alitumia fedha za zamu yake ya upatu. Mumewe alikuwa amemwambia, "Mama watoto, hiyo si ndiyo ada ya shule?" Siku ile alirudi nyumbani akapika, akahudumia, akalala bila kusema neno. Kesho yake mumewe ndiye aliyeuliza: "Ulikosea wapi? Tuanze hapo."

Alikuwa amekariri maneno bila kufanya mazoezi ya kupima muda, na maswali yapatayo thelathini yalimkuta saa imekwisha. Sheria humruhusu mtu kujaribu hadi mara tatu katika mwaka mmoja, ingawa hulipa tena. Akanunua daftari. Kila swali la mazoezi alilokosa aliliandika pamoja na sababu: sikujua, sikuelewa Kiingereza, au niliharakisha. Mtoto wake wa kidato cha pili akawa mshika saa. Mara ya pili alifaulu.

Kabla hujalipa

Mama mwenzetu, usitoe ada ya shule ya mtoto kwa ajili ya mtihani. Anza na yaliyo bure, simamia jambo dogo, andika kila kitu, mtihani utakungoja. Keti na mumeo mkubaliane juu ya fedha na juu ya jioni ambazo hutakuwepo jikoni. Jihadhari na wanaouza majibu ya mtihani au kuahidi kwamba utafaulu hakika. Majibu ya wizi yanaweza kukupotezea cheti, na tangi hujengwa na mtu anayejua. Tena usitegemee kwamba cheti kitakuletea kazi mara moja. Muuguzi mwenzetu aliyefaulu bado yuko wodini, isipokuwa sasa ndiye anayeitwa zahanati inapopanga ukarabati.

Na gata? Tulirudi kwa kikundi na karatasi moja: tulichokosea, kiasi kinachohitajika, tarehe ya kumaliza. Tulidhani tutafukuzwa. Wakachanga tena, ila wakadai taarifa kila mwezi, nasi tukaitoa. Mvua za vuli za mwaka huo wa 2023 zilipoanza, maji yaliingia ndani.

Bibi wa mayai alikuja mwenyewe, akafungua koki, akanawa mikono yake polepole. Hakuuliza tena.