Diploma ya Texas haitoki kwa mtihani mmoja



Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaenda mbali kidogo, hadi Texas, Marekani. Sababu ni simu. Nyumba nyingi hapa zina mtu kule: kaka, shangazi, au mtoto aliyeondoka na familia ya baba mdogo. Wengi wamepangiwa nyumba pembezoni mwa miji mikubwa kama Dallas, Fort Worth na Houston, na watoto wao wanasoma shule za serikali za huko. Na simu ikipigwa, maneno ya shule ni yaleyale. Kijana aliyeacha hapa akiwa mwaka wa nne sekondari anasema wamemweka darasa la tisa. Mwingine anasema amefeli somo moja lakini darasa hakurudia. Wa tatu anasema krediti zake hazitoshi. Mzazi wa huku anatoa shauri kwa vile anavyoijua shule ya Kongo, na hapo ndo kutoelewana kunaanza.

Tuseme wazi kwanza: hatuandiki haya ili mtu aanze kufunga mizigo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, safari nyingi zikafutwa, na kwa mwaka wao wa 2026 waliweka nafasi 7,500 tu kwa dunia nzima. Tunaandika kwa ajili ya wale waliokwisha kufika, ambao wanawategemea ninyi kwa shauri, na mara nyingi kwa makaratasi pia.

Shule inavyohesabu

Kwetu mtoto anapanda mwaka mzima au anarudia mwaka mzima. Buletini inatoka, asilimia 50 amepita, chini ya hapo kuna mazungumzo na prefe. Na mwisho wa yote unakuja mtihani wa serikali, ambao ndio unaotoa diploma. Mtoto anaweza kucheza miaka mitatu, akakaza mwaka wa mwisho, akapita.

Texas siyo hivyo. Sekondari yao ni miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, kuanzia Agosti hadi Mei au mwanzo wa Juni. Kila somo la mwaka mzima lina krediti 1, na nusu mwaka ni nusu krediti. Ukipata alama 70 kwa 100, krediti ni yako na hakuna wa kukunyang'anya. Ukipata 69, ile krediti hukupata, lakini za masomo mengine ziko palepale. Utarudia lile somo peke yake, wakati wa likizo, au mwaka unaofuata, au kwa kompyuta. Ni kama kujenga nyumba kwa tofali: tofali moja likivunjika hubomoi ukuta.

Basi anahitaji tofali ngapi? Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2013, kiwango cha chini ni krediti 22. Kiingereza 4, hesabu 3, sayansi 3, historia na jiografia na uraia na uchumi jumla 3, lugha ya kigeni 2, mazoezi ya mwili 1, sanaa 1, na 5 za masomo ya kujichagulia. Lakini mtoto anapoingia darasa la tisa anaombwa kuchagua mwelekeo, kidogo kama seksio zetu za pedagojia na biokemia: sayansi na teknolojia, biashara na viwanda, sanaa, huduma za jamii, au mchanganyiko. Mwenye mwelekeo anamaliza na krediti 26. Wengi wanafuata njia ya 26, na kijana anayetaka chuo kikuu asikubali kirahisi kushushwa kwenye 22, hata akiambiwa ni kwa kumsaidia.

Kuna vitu vingine vidogo ambavyo sisi tungeshangaa. Kabla ya kumaliza, mtoto lazima awe amefundishwa namna ya kumsaidia mtu ambaye moyo umesimama. Na wanafundishwa jinsi ya kujibu askari polisi anapomsimamisha mtu barabarani. Hilo la pili, kwa kijana mgeni na mweusi, mimi nasema ni somo la maana kuliko mengine mengi.

Mitihani ipo, lakini haiko peke yake

Juu ya krediti kuna mitihani ya jimbo inayoitwa STAAR. Kwa miaka mingi ni mitano: hesabu za aljebra, baiolojia, historia ya Marekani, na Kiingereza mara mbili. Hiyo haifanywi siku moja mwishoni. Inafanywa mwaka ule somo linaposomwa, na anayefeli anaruhusiwa kurudia tena na tena. Kwa watoto wetu tatizo ni ile ya Kiingereza. Mtoto anaweza kuwa na krediti zote na bado akabaki na mtihani mmoja au miwili.

Hapo msikate tamaa mapema. Tangu 2015 ipo sheria inayosema kwamba aliyeshindwa mitihani isiyozidi miwili anaweza kupelekwa mbele ya kamati ya shule. Mkuu wa shule anakaa, mwalimu wa somo anakaa, na mzazi au mlezi anakaa. Wanaangalia alama zake za darasani, mahudhurio yake, wanampa kazi ya ziada, kisha wanaamua kama apewe diploma. Mzazi asiyekwenda kwenye kikao hicho kwa sababu ya kazi au kwa kuona aibu ya lugha, anaacha kiti cha mtoto wake wazi. Na kuna sheria ya 2025 inayobadilisha mitihani hii kuanzia mwaka wa shule wa 2027–2028, kwa hiyo kijana aombe kwa mshauri wa masomo orodha ya mitihani ya mwaka wake yeye, asitegemee ya binamu yake aliyemaliza zamani.

Hesabu ya umri

Sasa tufike pale panapouma.

Texas inampa mtoto haki ya kusoma bure kama hajafikisha miaka 21 ifikapo Septemba 1 ya mwaka ule wa shule. Zaidi ya hapo, mpaka kabla ya miaka 26, wilaya ya shule inaweza kumpokea lakini halazimishwi na mtu. Fanyeni hesabu wenyewe. Kijana anayefika mwezi wa nane akiwa na miaka 17, bila krediti hata moja, Septemba ya darasa la tisa ana 17, ya kumi 18, ya kumi na moja 19, ya kumi na mbili 20. Anamaliza. Mwenzake aliyefika na miaka 18 atakuwa na 21 Septemba ya mwaka wa nne, na shule inaweza kumwambia haki yako imekwisha. Mwaka mmoja tu unatenganisha mwenye diploma na asiyenayo.

Na umri unaohesabiwa ni ule wa kwenye makaratasi. Tunajua jinsi watu wengi hapa walivyoandikwa "1 Januari" kwa sababu siku ya kuandikishwa hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, au mama alikuwa amechoka na safari, au karani aliandika alivyosikia. Wako waliopunguzwa miaka na wako walioongezwa. Kule Texas ile tarehe inaingia kwenye kompyuta ya shule na inatembea na mtoto. Ndiyo maana familia ambayo bado iko hapa, na tarehe ya mtoto wake si ya kweli, iende kwenye ofisi ya uandikishaji kusahihisha mapema, ikiwa na ushahidi wake wa kliniki au wa shule. Ukiwa umeshavuka bahari ni kazi ngumu sana.

Buletini za zamani ni mali

Njia ya kuokoa ile miaka ni krediti za nyuma. Shule za Texas zinatakiwa kupima masomo ambayo mwanafunzi alisoma nchi nyingine, na zikiridhika zinaweza kumpa krediti zake. Aliyesoma aljebra na baiolojia miaka miwili hapa kambini si sifuri. Lakini shule haiwezi kupima hewa. Inataka buletini zenye mhuri, majina ya masomo, alama, na mwaka. Kama buletini ni ya Kifaransa, itafsiriwe. Na mtu aeleze kwamba kwetu asilimia 50 ni kupita, maana macho ya Mmarekani yakiona 58 yanasoma "amefeli".

Kijana asiye na karatasi bado anaweza kuomba mtihani wa kupata krediti. Kama aliwahi kusoma lile somo, akipata 70 anapewa. Kama hakuwahi kulisoma, anatakiwa kufikisha 80. Hapa kuna jambo ambalo familia za Kongo hazipaswi kupitwa nalo: Kifaransa. Kile Kifaransa ambacho watoto walikuwa wanakilalamikia, kule kinahesabiwa kama lugha ya kigeni, na krediti 2 za lugha zinaweza kupatikana kwa mtihani bila kukaa darasani miaka miwili. Majirani zetu Warundi nao vilevile. Kwa Kiswahili, ulizeni kwenye wilaya yenu ya shule kama wana mtihani wake.

Na zile saa za darasani zinazookolewa, zitumike kwa Kiingereza. Mtoto mgeni anawekwa kwenye Kiingereza cha wageni, na wengine wanaona aibu, wanaomba kutolewa. Asitoke. Yale masomo mawili ya kwanza yanaweza kuhesabiwa kama Kiingereza cha darasa la 9 na la 10. Haki hiyo haikuanza jana: mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Lau v. Nichols, kwamba haitoshi shule kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu na dawati sawa na wenzake. Lazima asaidiwe kuelewa.

Alama, cheo, na mpira

Shule hizi za pembezoni ni kubwa sana. Ile ya Allen, kaskazini ya Dallas, ina wanafunzi kama 5,000, na mwaka 2012 walifungua uwanja wa mpira wa Kimarekani wenye viti 18,000 kwa gharama ya dola milioni 60. Uwanja wa shule, siyo wa taifa! Ukiona hivyo unaweza kufikiri watu hawa wanapenda mpira kuliko kitabu. Lakini tangu 1984 Texas ina sheria kwamba mchezaji mwenye alama chini ya 70 anakaa pembeni, kwa kawaida wiki tatu kwanza. Mzazi mwenye kijana mchezaji, hiyo fimbo iko tayari, huna haja ya kupiga kelele.

Alama zote za miaka minne zinajumlishwa kuwa wastani mmoja, na shule nyingi zinawapanga wanafunzi kwa cheo. Darasa la tisa linahesabika sawa na la mwisho. Sheria ya 1997 inasema walio katika asilimia 10 ya juu wanakubaliwa moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya serikali vya Texas, isipokuwa kile cha Austin ambacho kinachukua sehemu ndogo zaidi. Na kazi za nyumbani zina alama. Anayefanya vizuri mtihani lakini hapeleki kazi za nyumbani anaweza kufeli kabisa. Mahudhurio pia: asipofikisha asilimia 90 ya siku za somo, krediti inaweza kuzuiwa hata kama alama ni nzuri.

Na hapo ndipo kazi za usiku zinaingia. Kijana wa miaka 18 anahesabiwa mtu mzima, anapata nafasi kwenye ghala au kiwanda cha nyama, anatoka saa nane usiku, na basi ya shule inapita saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pesa anayotuma huku tunaila sisi, tusijifiche. Mimi naona familia inayopokea ile pesa ikae chini iulizane: akipunguza saa za kazi kwa miaka miwili, tutakula nini? Jibu linaweza kuwa gumu, lakini aliyeko kule peke yake hawezi kulitoa. Aliyeacha shule bado anaweza kufanya mitihani ya GED akiwa mtu mzima, na si kitu cha kudharau. Ila ni mlango wa pili.

Mzazi au mlezi aliyeko kule ana haki ya kuzungumza na shule kwa lugha anayoielewa. Aseme anataka mkalimani wa Kiswahili, na shule ndiyo inayomtafuta, bila malipo. Mtoto asitafsiri kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Mnajua atatafsiri vipi.

Kwa mwenye ndugu Texas mwenye umri wa shule, kazi ya wiki hii ni moja. Tafuteni buletini zake zote, hata zilizoliwa na panya pembeni. Mpelekeeni prefe ili apige mhuri na kuandika majina ya masomo na alama ya kupita. Pigeni picha ya kila ukurasa mchana kwenye mwanga mzuri, mtume kwa simu, na karatasi zenyewe mziweke kwenye mfuko wa plastiki mpaka apatikane mtu wa kuzipeleka.