Je, Wajua? Kifuta machozi si fidia

Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay katika Wilaya ya Nyasa, Tanzania, iliyomegwa kutoka Mbinga, watu huteka maji, hufua na huvua palepale anapoishi mamba. Mamba akiua mtu, Serikali huipa familia kifuta machozi. Kiboko akivamia shamba la mpunga, mkulima hupewa kifuta jasho. Kanuni za malipo hayo za mwaka 2011 zilipanga shilingi 1,000,000 kwa kifo. Hiyo si fidia: fidia hulingana na hasara, na uhai hauna bei. Ni mkono wa pole, nao una maana ukifika mapema. Ukipatwa na janga, toa taarifa upesi ofisi ya kijiji na kwa ofisa wanyamapori.