Wakimbizi wa jukwaani, Small Heath

Na Mwandishi Wetu, Birmingham

Ukishuka basi jioni kwenye barabara ya Coventry Road, Small Heath, utakutana na Wasomali, Wapakistani, Wayemen na sisi wachache wa Pwani. Hapo ndipo anapoishi binti wa dada yangu, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari na anayesoma sanaa za maonyesho.

Ndugu zangu wa nyumbani mtauliza: kuigiza nako kuna mtihani? Upo, tena mzito. Kwa bodi ya AQA, asilimia 30 ya alama hutoka katika mchezo ambao wanafunzi hutunga wenyewe kwa kufuata mtindo wa gwiji mmoja. Stanislavski alitaka mwigizaji aishi ukweli wa mhusika. Brecht alitaka watazamaji wasisahau kuwa wanatazama mchezo, kwa hiyo alitumia mabango, taa zinazoonekana, na waigizaji wanaowasemesha waliokaa vitini. Boal alimruhusu mtazamaji kupanda jukwaani na kubadilisha mambo.

"Mjomba, mbona hawa walikimbia kwao?" aliniuliza binti yule.

Kweli. Brecht aliikimbia Ujerumani mwaka 1933. Boal alikamatwa Brazil mwaka 1971, akateswa, akaenda uhamishoni. Nikamwongezea Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetiwa kizuizini mwishoni mwa 1977 baada ya mchezo wa Kikuyu ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ.

Nikampa pia Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, mtu wa Kilwa aliyekuja kuchukua udaktari Berlin Mashariki, mji aliofia Brecht. Kiswahili cha binti hakikutosha, akasoma tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya Hussein mwenyewe. Nilinung'unika. Dada akaniambia: "Si anasoma? Muache."

Mwezi uliofuata tukaalikwa shuleni. Kikundi chao cha watu wanne kilichagua mtindo wa Brecht, na mchezo ulihusu mtu anayesubiri barua ya uhamiaji. Binti alisimama na mabango: MWAKA WA KWANZA, MWAKA WA TATU. Kwa Kiswahili, bila tafsiri. Kila mhusika alipotaka kusema, aligeuka kutuhesabia sarafu zake.

Mtu yule nilimjua. Kwa kanuni ya Brecht nilitakiwa nifikiri, nisilie. Nilishindwa, na binti aliniona.

Matokeo yanatoka Agosti.